Holsta (ala ya bastola) gani inaficha bastola kabisa chini ya shati lililochomekewa, bila kumuumiza mtu mchana kutwa?

Mwenye Duka, Houston

Ndugu zangu, salaam nyingi. Ninaomba ushauri wa wale waliobeba bastola kihalali kwa miaka mingi, kwa namna ambayo hata mtu aliyesimama nao bega kwa bega haitambui.

Nina duka la vyakula vya kwetu kusini-magharibi mwa Houston, si mbali na barabara ya Bissonnet, na kila jioni ninapeleka benki mwenyewe fedha za mauzo ya siku. Ninayo leseni ya jimbo la Texas ya kubeba bastola, na niliamua kuendelea nayo hata baada ya sheria iliyoanza kutumika Septemba 1, 2021 kumruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi, asiye na kizuizi cha kisheria, kubeba bila leseni. Bastola yangu ni Glock 43X. Shati ninachomekea siku zote, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa na ndivyo wateja wanavyonijua.

Shida yangu ilianza na salamu. Wateja wangu wengi ni watu wa nyumbani, na watu wa nyumbani hukumbatiana. Mwezi uliopita mama mmoja mtu mzima, aliyekuja kutafuta unga wa dona na dagaa, alinikumbatia, na kiganja chake kikatua moja kwa moja juu ya mpini wa bastola nyuma ya nyonga yangu. Hakusema neno. Alichukua mzigo wake, akalipa, akaaga kwa sauti ya chini, na tangu siku hiyo sijamwona. Watu hawa wengine wamekimbia vita; sitaki mtu yeyote aingie dukani kwangu akumbuke bunduki.

Nimekwisha nunua holsta mbili. Ya kwanza ni mkanda mpana wa lastiki unaovaliwa tumboni, laini na wa bei nafuu, lakini ukichomoa bastola mfuko wake unalala, na siku moja nilipokuwa nairudisha niliona kitambaa kimejikunja kuelekea kwenye kifyatulio. Ya pili ina mgongo mpana wa ngozi na gamba la plastiki, huvaliwa nyuma ya nyonga ya kulia. Inaficha vizuri nikisimama, lakini nikiendesha gari dakika 40 kiuno kinakufa ganzi, na nikiinama kupanga magunia mpini unalisukuma shati kama nundu. Je, niendelee kununua nyingine na nyingine, au kuna jambo la msingi nisilolielewa?

Fundi wa Ngozi, Arlington

Ndugu Mwenye Duka, pole kwa yaliyokupata, na ahsante kwa kulieleza jambo hili kwa uwazi. Mimi hushona mikanda na holsta, kwa hiyo nitasema kama mtu anayeviona vitu hivi vikirudi mezani vikiwa vimechakaa.

Kwanza kabisa, ule mkanda wa lastiki uache kuutumia leo hii, wala usimpe mtu mwingine. Glock haina kitufe cha usalama cha kubonyezwa kwa kidole gumba. Usalama wake wote unategemea kifyatulio kisiguswe na kitu chochote. Kabla ya kuficha, na kabla ya kustarehesha, holsta ina kazi ya kukifunika kifyatulio pande zote kwa kitu kigumu kisichobonyea, na ya kubaki mdomo wazi hata bastola ikiwa nje. Ujaribu hivi nyumbani: toa risasi zote, kagua chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, mara mbili, ingiza bastola ndani ya holsta, kisha bonyeza kwa nje mahali kifyatulio kilipo. Ukikihisi kifyatulio kupitia kitambaa, basi hiyo ni soksi tu. Ngozi nayo, nasema hivi ingawa ndiyo inayonilisha, ikizeeka kwa jasho hulegea mdomoni, na ukingo wake unaweza kujikunja na kuingia kwenye tundu la kifyatulio wakati wa kurudisha bastola. Ajali za namna hiyo zimetokea. Kwa kuficha ndani ya suruali ninapendekeza Kydex, ile plastiki ngumu inayolainishwa kwa joto la karibu nyuzi 170 za Selsiasi kisha ikakandamizwa juu ya umbo la bastola yenyewe, na iwe imetengenezwa kwa Glock 43X hasa, isiwe ya "bastola ndogo zote".

Sasa nije kwenye kuficha, kwa sababu hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Watu hudhani kinachojichora kwenye shati ni mtutu, wakatafuta bastola yenye mtutu mfupi zaidi. Mtutu umo ndani ya suruali, hauonekani na mtu. Kinachojichora ni mpini. Glock 43X yako ni nyembamba, unene wake ni milimita 28 hivi, dhidi ya 34 za Glock 19, lakini urefu wake kutoka juu hadi chini ya magazini, yaani kasha la risasi lililo ndani ya mpini, ni milimita 128, sawasawa na Glock 19. Ulinunua wembamba, na ni kweli unasaidia; lakini mpini ulibaki wa bastola kubwa, na mpini huo ndio mama yule aliougusa.

Mtu wa pwani atanielewa nikisema holsta inahitaji mkuku. Jahazi lisilo na mkuku hulala upande kwa upepo mdogo. Holsta fupi, ambayo uzito wote wa magazini na risasi uko juu ya mkanda, hulala nje vivyo hivyo na kukuonyesha. Holsta iliyoshuka sentimita chache zaidi chini ya mkanda, hata kama inazidi urefu wa bastola, hutulia dhidi ya kinena na kuirudisha sehemu ya juu kuelekea mwilini. Kwa hiyo usiogope holsta ndefu. Kwa watu wengi ndiyo inayostarehesha zaidi, maana haichomi mahali pamoja.

Ongeza vitu viwili vidogo. Cha kwanza ni kijibawa cha plastiki kinachofungwa kwa skrubu karibu na tundu la kifyatulio: mkanda wako ukikibana, chenyewe kinauzungusha mpini uelekee tumboni. Cha pili ni kabari ya sponji inayobandikwa kwenye upande wa holsta unaolalia mwili, chini kabisa, karibu na mdomo wa mtutu. Kabari ile inaisukuma ncha ya chini nje, na papo hapo ya juu inaingia ndani. Tena inausambaza mgandamizo, na maumivu yanapungua. Mimi humwambia mteja aanze na kipande cha sponji cha kuoshea vyombo na utepe wa gundi, akipate kimo chake, ndipo anunue kabari ya kudumu.

Kuhusu mahali pa kuvaa, Wamarekani hupima kwa uso wa saa: holsta yako ya nyuma wao huiita ya saa nne, na ya mbele ya saa moja. Sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tukisikia hivyo tunapotea, kwa hiyo niseme wazi. Wewe ihamishe mbele, kati ya kitovu na mfupa wa nyonga ya kulia. Kule nyuma mwili ukiinama mpini unachomoza. Mbele ukiinama, tumbo na mapaja vinaukunja ndani. Pia mikono ya mtu anayekukumbatia huzunguka mgongoni na ubavuni, haipiti mbele. Ila mbele mtutu unaelekea mapajani na kwenye mshipa mkubwa wa damu, na ndiyo maana nimeanza na habari ya kifyatulio.

Klipu, yaani kibanio kinachoishikiza holsta kwenye mkanda, iwe ya kuchomekea, yaani iwe na nafasi kati yake na gamba la holsta ili shati lipite katikati na kuifunika bastola yote. Kinachobaki juu ya mkanda ni klipu tu, nyeusi juu ya mkanda mweusi. Na mkanda wenyewe, ndugu yangu, usiwe ule wa suti wenye karatasi ndani. Mkanda mgumu kiasi usiokunjika kwa uzito, wenye marekebisho madogo madogo badala ya matundu matano yaliyoachana, utakustarehesha kuliko holsta ya tatu, ya nne na ya tano.

Mama Zuhura, Columbus

Kaka Mwenye Duka, nakuelewa kabisa habari ya kukumbatiwa. Mimi ni mwanamke wa pwani ninayeishi Ohio, nguo zangu ni magauni na madera, na mkanda wa suruali sina. Kwa miaka miwili nilibeba bastola kwenye mkoba, mpaka siku mjukuu wangu wa miaka minne alipoufungua kutafuta peremende. Zipu ya mfuko wa bastola ilikuwa imefungwa na mkono wake haukufika, lakini sikuubeba mkoba ule tena. Bastola ikae mwilini, au ikae ndani ya kabati la chuma lenye ufunguo.

Ninachotumia sasa ni kipande chembamba cha plastiki kilichofungwa holsta ngumu ya Kydex, chenye mkanda wake mwembamba unaovaliwa chini ya nguo na kamba fupi inayoshika paja ili kisizunguke. Kinaitwa PHLster Enigma. Hakihitaji suruali wala mkanda mwingine, na mtu anayechomekea shati anakivaa pia, kwa kuwa hakuna klipu inayoonekana nje. Si rahisi kukizoea. Nilikaa karibu wiki mbili nikirekebisha kimo na mwinamo, nusu sentimita leo, nusu sentimita kesho, hadi kikatulia. Uzuri wake ni kwamba umepata kile ulichokitafuta kwenye mkanda wa lastiki, ukabaki na gamba gumu juu ya kifyatulio.

Jaribio langu la starehe ni hili, na ninalipendekeza kwa kila mtu hata asiye Mwislamu: bastola ikiwa tupu, nyumbani, simama, rukuu, sujudu, kaa kitako, inuka, mara kumi mfululizo. Holsta itakayokuchoma itakuchoma kwenye sujudu, na mpini utakaojichora utajichora kwenye rukuu. Mume wangu alisimama nyuma yangu na simu akinipiga picha, kwa sababu macho ya mvaaji humdanganya. Unajitazama kwenye kioo ukijua kilipo, kwa hiyo unakiona kila mara.

Na kukumbatiana kuna namna yake. Ninapoona mtu ananijia, mimi ndiye ninayetanguliza mikono, chini, kwenye mbavu zake. Mikono yake haina pa kwenda ila juu ya mabega yangu. Hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Jambo moja ambalo watu huona haya kulisema ni msalani. Bastola isitolewe kwenye holsta, isiwekwe juu ya tangi la choo wala juu ya kishikio cha karatasi. Silaha nyingi zilizosahaulika zilisahaulika hapo. Ibaki ndani ya holsta yake, suruali isishuke kupita magoti, na mkanda ufungwe tena juu ya magoti ili ushike uzito.

Dereva wa Masafa, Dallas

Nitasema machache kuhusu kukaa, kwa maana sheria inaniruhusu kuendesha lori kwa muda usiozidi saa 11 kila zamu na karibu zote ninazitumia. Ile holsta yako ya nyuma ya nyonga haiwezi kukubaliana na gari la Marekani: usukani uko kushoto, kwa hiyo kifungio cha mkanda wa usalama kiko kwenye nyonga ya kulia, mahali hasa bastola ilipo. Ndiyo maana kiuno kinakufa ganzi. Umekaa kati ya vyuma viwili.

Ukiihamisha mbele kama alivyosema Fundi, inua mgongo wa kiti kidogo, usilale nyuma. Ukishakaa, legeza mkanda wa suruali hatua moja, vuta holsta juu sentimita moja, halafu upitishe sehemu ya chini ya mkanda wa usalama chini ya mpini, ukilalia nyonga. Kabla ya kushuka, kaza tena. Ikiwa bado inakuchoma mfupa wa kinena, ni holsta fupi au haina kabari.

Wenzetu wa usafirishaji naomba mzingatie mipaka. Leseni ya Texas haitambuliwi Illinois wala New Jersey. Nikipangiwa njia hizo, bastola inabaki nyumbani. Na kwa vijana waliokuja kwa viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi za muda: sheria ya shirikisho kwa jumla inawakataza kumiliki au kubeba bunduki na risasi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo, na ruhusa ya jimbo kubeba bila leseni haiondoi katazo hilo. Mwenye ukaazi wa kudumu hayumo kwenye katazo hilo. Muulizeni mwanasheria kabla ya kuiazima bastola ya rafiki hata kwa saa moja.

Mmiliki Halali, Nairobi

Ndugu zangu wa ughaibuni, nimesoma kwa makini, nami nina neno la kupingana kidogo. Huku Kenya silaha ya raia iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha baada ya mtu kuchunguzwa. Kwa hiyo tulio nazo ni wachache, na kuificha ni sehemu ya adabu ya kuwa nayo. Hata hivyo kufichwa huku hakumhusu mlinzi wa mlangoni. Tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, kupekuliwa kwenye milango ya maduka makubwa ni jambo la kila siku, na mimi humwambia mlinzi mapema, kwa sauti ya chini, mikono ikionekana, nikamwonyesha cheti. Akisema haingii, haingii.

Ninalopingana nalo ni hili: kadiri unavyoizamisha bastola, ndivyo unavyochelewa kuifikia. Shati lililochomekewa linahitaji mkono wa kushoto ulichomoe lote hadi kifuani kabla mkono wa kulia haujaugusa mpini, na ukiishusha holsta sana vidole havipati pa kushika. Nimewaona watu kwenye uwanja wa shabaha wakichomoa shati nusu, bastola ikanasa. Asiye tayari kufanya zoezi hilo nyumbani kila wiki, kwa bastola tupu na risasi zikiwa chumba kingine, asivae hivyo. Na baada ya zoezi, kurudisha kuwe kwa utulivu, macho yakitazama holsta, shati likiwa limeshikwa mbali. Hakuna tuzo ya kurudisha bastola haraka.

Kwa nini muuza vyakula vya kwetu asivae shati la kitenge? Shati la kitenge huvaliwa nje, hukatwa pana, na maua yake huvunja umbo lolote lililo chini; weupe mtupu ndio unaochora kila mkunjo. Mimi huvaa suti siku tatu na kitenge siku mbili, na siku za kitenge ndizo ninazopumua.

Suala la jasho msilidharau. Nikishuka Mombasa kwa wiki moja, skrubu za holsta na vilengeo vya bastola huanza kutu, ingawa slaidi yenyewe, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, haina doa. Vaa fulana ya pamba ndani, chagua holsta yenye ukingo wa nyuma uliopanda juu kutenganisha chuma na ngozi yako, na kila jioni ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Skrubu nazo zitiwe tone la gundi yake, kwa kuwa mwendo wa mwili huzilegeza, na inayoanguka huwa ni ile inayoshika klipu.

Mwenye Duka, Houston

Ahsanteni sana, na samahani kwa kukaa kimya wiki tatu. Nilitaka kujaribu kabla ya kujibu.

Nimenunua holsta moja tu, ya Kydex, ndefu kuliko bastola yangu kwa sentimita tatu hivi, yenye kijibawa na klipu ya kuchomekea, kwa dola 85. Mkanda mpya ulinigharimu karibu sawa na holsta yenyewe, na sijutii. Wiki ya kwanza niliivaa nyumbani tu, bastola ikiwa tupu. Siku mbili za mwanzo nilipata alama nyekundu chini ya tumbo, nikaanza na sponji ya vyombo kama Fundi alivyosema. Unene uliofaa ulikuwa nusu ya sponji, si nzima, kwa kuwa nzima ilinisukuma hata suruali ikakaza. Kwenye sujudu za Mama Zuhura nilifeli mara ya kwanza. Niliishusha klipu tundu moja ili holsta ipande kidogo, nikafaulu, na vidole vitatu vinapata pa kushika mpini bila kukwaruzana na mkanda.

Kwenye gari mambo yametulia. Kuinama kwenye magunia bado ninainama kwa magoti, lakini hakuna nundu tena. Kutoa shati kwa mkono wa kushoto ndiko kugumu kuliko yote. Nimejiandikisha kwa mwalimu wa shabaha kwa vipindi vinne, kwa sababu uwanja ninaokwenda hauruhusu kuchomoa kutoka kwenye holsta bila msimamizi. Mashati mawili ya kitenge yapo kwa fundi cherehani.

Jumamosi mama yule alirudi. Nilitoka nyuma ya kaunta, nikatanguliza mikono chini kama nilivyofundishwa, yake ikapita juu ya mabega yangu, akanishikilia kidogo, kisha akaniuliza kama dagaa wa Mwanza wamefika.